Kola Zilizokatwa kwenye Picha ya Ini

Jina lake la kwenye cheti hakuna aliyelikumbuka pale hospitalini, hata karani wa mafaili. Wagonjwa walimwita Pumua, wauguzi wakamwongezea heshima wakawa wanamwita Mama Pumua, na wanawe wenyewe walipotaka kumchokoza walitumia hilo hilo. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amekaa kwenye chumba cha ultrasaundi, mwisho wa korido ya chini, mkabala na choo cha wanawake, akiwaamuru watu mambo matatu: vuta pumzi, bana, pumua. Sauti yake haikuwa ya kubembeleza. Mzee mmoja aliwahi kusema kwamba siku mama yule akisahau la tatu, watu watakufa wamebana na hakuna atakayethubutu kulalamika.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja cha mpira mweusi, feni iliyogeukia upande mmoja tu, pazia la kijani, na kiti cha magurudumu ambacho mgongo wake ulishashonwa mara tatu. Pumua alikipenda kiti kile kuliko mashine. Mashine zilikuja na kuondoka, na ya sasa ilikuwa imefika miezi mitatu tu nyuma, bado ina nailoni pembeni ya kioo. Ilikuwa na macho makali. Iliona vitu ambavyo ile ya zamani ilikuwa ikivipita kama mtu anayemkwepa mdai wake njiani.

Sasa, huyu mama alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wanafunzi waliokuja kujifunza kwake. Mgonjwa akiingia na fomu ya daktari, Pumua aliipokea na kuilaza kifudifudi juu ya meza, bila kuisoma. Aliuliza tu ni kiungo gani kinachotakiwa kuangaliwa, akapaka jeli, akaangalia. Akishaona alichoona, ndipo aliigeuza fomu, akasoma maneno ya daktari, halafu akaangalia mara ya pili. Wengine walidhani ni ushirikina, wengine wakasema ni maringo ya uzee kazini.

"Fomu ina mdomo," aliwaambia wanafunzi. "Ukiisikiliza kwanza, macho yako yatatafuta ilichosema mpaka yakipate. Na yatakipata, hata kama hakipo."

Aliishi kwa kanuni hiyo miaka yote, akaiacha siku moja. Na wala hakuiacha kwa uvivu. Aliiacha kwa huruma, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu alfajiri, jenereta likagoma, na hadi umeme uliporudi saa tano watu thelathini na mmoja walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Wa ini na nyongo huambiwa waje bila kula. Pumua alitoka mlangoni akaona midomo iliyokauka, akaona na mwanamke mmoja ameegemeza kichwa ukutani. Akasema wenye njaa watangulie. Ili awajue, akakusanya fomu zote, akakaa, akazisoma moja baada ya nyingine, akizipanga kama mtu anayegawa karata.

Ya tano ilikuwa ya Fundi. Huyu alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kibanda cha ushonaji barabara ya nyuma ya hospitali. Sare za wauguzi alizishona yeye, na hakuna aliyempata kwa kola. Kola ya Fundi ilikaa shingoni imenyooka mpaka shati linatupwa. Fomu yake ilisema: upasuaji wa titi la kushoto kwa saratani, miaka minne iliyopita, uchunguzi wa kila mwaka, angalia ini.

Alipolala kitandani alimtazama Pumua kuanzia begani hadi kiunoni, kama mafundi wanavyotazama watu.

"Mama, hilo koti nani alikushonea? Bega moja limelala."

"Bega langu ndilo limelala. Vuta pumzi."

"Nivute mpaka wapi?"

"Bana hapo hapo."

Ini lilijaa kioo, na humo ndani kulikuwa na madoa. Yalikuwa madogo, hakuna lililofika sentimita moja, lakini mengi, yametawanyika pande zote kama ufuta uliomwagika. Alisogeza kifaa chini ya mbavu, akatazama tena. Nyuma ya baadhi ya madoa kulikuwa na kimkia chembamba cha mwanga, kinashuka na kufifia. Vile vimkia aliviona. Aliviona vizuri kabisa, akajiambia ni mashine mpya na mbwembwe zake.

Akaandika: "Madoa mengi madogo kwenye ini lote. Kwa historia ya mgonjwa, inaelekea saratani imesambaa." Vimkia hakuviandika. Nje kulikuwa na wengine ishirini na sita.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda hospitalini, kila karatasi ikiitegemea karatasi nyingine. Fundi alipelekwa siti skani. Aliyesoma picha zile aliandika kwamba madoa ni madogo mno kuweza kuyatambua, lakini ukizingatia ripoti ya ultrasaundi, saratani iliyosambaa ndiyo inayoelekea. Daktari wa saratani, kijana makini mwenye wagonjwa wengi kuliko saa za siku, aliziweka ripoti mbili pamoja akaona zinakubaliana. Mashahidi wawili wakisema jambo moja, nani atabisha? Kumbe shahidi wa pili alikuwa amemsikiliza wa kwanza. Fundi akapangiwa kuanza dawa kali ya mshipani, Jumatatu ya wiki ya nne tangu apimwe na Pumua.

Pumua alijua tarehe hiyo kwa sababu wauguzi walikuwa na wasiwasi na sare zao. Hivyo ndivyo binadamu walivyo. Walimhurumia Fundi kwa dhati, na papo hapo wakaulizana nani atawashonea.

Vimkia vilimfuata nyumbani. Alikaa navyo siku kumi, akichambua mboga navyo, akipiga pasi navyo, mpaka mumewe, mwalimu mstaafu aliyezoea kusoma gazeti lote pamoja na matangazo ya vifo, akamuuliza kulikoni. Alimweleza. Mwalimu alisikiliza, akasema kile ambacho kila mtu angesema.

"Kuteleza si kuanguka, mama watoto."

"Mimi ndiye niliyeteleza, Mwalimu. Atakayeanguka ni mwenzangu."

Mwalimu alikunja gazeti, akaliweka kando, na hakusema tena methali siku ile.

Kesho yake Pumua alifungua kabati la vitabu vyake vya chuo na madaftari ya semina, ambayo watoto walikuwa wamemwomba mara nyingi ayachome. Kwenye daftari la semina moja, mwandiko wake mwenyewe ulimsuta. Alikuwa ameandika: vidoa vidogo vingi kwenye ini, vingine na mkia wa mwanga nyuma yake, fikiria vivimbe vya mirija midogo ya nyongo. Havina madhara. Huigiza saratani. Tafuta picha za zamani, kwa kuwa havibadiliki. Na chini yake, kwa wino mwekundu, alikuwa amepiga mstari. Mtu anaweza kuujua ukweli, akaupigia mstari, halafu akausahau kabatini. Pumua alijiona mjinga, na kwa mwanamke mwenye majivuno ya kazi hilo lilikuwa jambo zito kulimeza.

Picha za zamani, basi. Lakini hospitali ile haikutunza filamu. Mgonjwa alipewa ya kwake kwenye bahasha kubwa ya kaki, akaondoka nayo. Watu walizifanyia walivyotaka. Wengine waliziweka chini ya godoro zisikunjamane, wengine waliziba nazo dirisha.

Alhamisi mchana, zikiwa zimebaki siku nne, Pumua alikwenda kibandani kwa Fundi. Alimkuta amesimama mbele ya meza ya kukatia, chaki mkononi, kitambaa cheupe kimetandazwa. Siku zote chini ya meza ile hukaa binti yake wa miaka minane, akiandika kazi za shule na kuokota pini kwa sumaku. Leo chini ya meza hapakuwa na mtu.

"Mwanetu yuko wapi?"

"Yuko kwa dada yangu mkubwa, mji mwingine. Nimemhamisha na shule." Fundi hakuinua macho. "Mimi nikifa nimekufa, Mama. Lakini huyu hana baba, hana mwingine. Nimesema bora azoee nikiwa bado naweza kumpigia simu."

Pumua alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amepanga maneno njiani, yakamkimbia yote, akabaki na swali tu.

"Kabla ya mambo ya titi, uliwahi kupigwa picha ya tumbo? Yoyote ile?"

"Mara moja. Miaka tisa sasa. Nilikuwa na vijiwe kwenye figo, wakanipitisha kwenye ile pete kubwa ya siti skani."

"Filamu yake unayo?"

Fundi alitazama mkono wake wa kushoto. Chini ya vidole vyake, juu ya kitambaa, kulikuwa na pateni ya kola, nyeusi, ya plastiki, aliyokuwa akiizungushia chaki.

"Si hii hapa," akasema.

Pumua hakuelewa kwanza.

"Karatasi inachanika, Mama. Kadibodi inachakaa ncha, kola zinaanza kutofautiana. Hii haifi. Nilipopona figo nikaona, ya nini kuweka ugonjwa ndani ya nyumba? Nikaikata." Alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Kila shati la shule mjini hapa, kola yake imepimwa kwenye tumbo langu."

Aliinyanyua pateni ile kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Na humo ndani, ndogo kama picha za pasipoti, zimejipanga kwa safu, zilikuwa picha za tumbo lake, vipande kwa vipande, kutoka mbavu hadi nyonga. Waliotafuta vijiwe vya figo walipiga tumbo zima, na ini halikuwa na pa kujificha.

Walizitafuta pamoja. Kola kubwa, kola ya mtoto, mfuko wa shati, ncha za mikono mbili, na mabaki matatu yaliyokuwa yakitumika kukung'utia chaki. Fundi alizifunga kwa utepe wa kitambaa.

"Unatafuta nini humo?"

"Sijui bado," Pumua akasema. Hilo lilikuwa nusu ya ukweli, lakini safari hii hakutaka kusema neno kabla ya macho.

Ijumaa asubuhi, kabla ya wagonjwa, alizipanga zile pateni juu ya kisanduku cha taa na kuziunganisha kwa selotepu. Palikosekana vipande. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya figo, na mfuko wa shati ulikuwa umechukua uti wa mgongo. Lakini kwenye kola kubwa, kuanzia ncha ya kulia hadi katikati, picha nne za ini zilikuwa nzima, na kila moja kwenye kona yake ilikuwa na jina la mgonjwa na tarehe ya miaka tisa nyuma. Akatundika siti skani mpya pembeni. Akachukua miwani ya kusomea, akaweka juu yake lenzi ya kukuzia aliyoisahau mwanafunzi mmoja.

Doa jirani na kifuko cha nyongo, lilikuwepo. Mawili yaliyokaa kama macho, juu kidogo, yalikuwepo. Moja la pembeni kabisa, karibu na mbavu, lilikuwepo, na ukubwa wake ulikuwa ule ule. Alihesabu yaliyoonekana kumi na saba kwenye ya zamani, akayapata kumi na saba kwenye mpya. Hakuna hata moja lililokua. Saratani haikai miaka tisa mahali pamoja imekunja mikono, tena saratani yenyewe ya titi ilianza miaka mitano baada ya picha ile. Pumua alivua miwani, akaifuta, akahesabu upya kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Daktari wa saratani alimkuta amemsubiri mlangoni.

"Mama, hii ni nini?"

"Kola."

Alimweleza. Daktari alisogea dirishani, akatazama muda mrefu, akiilinganisha na filamu mpya.

"Lakini ni wewe uliyeandika imesambaa."

"Ni mimi. Niliisoma fomu kabla ya kulisoma ini. Na kuna kitu nilikiona nisikiandike." Akamweleza na vimkia.

Daktari alifungua daftari lake la miadi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye Jumatatu iliyojaa.

"Nikiahirisha dawa, na wewe ukawa umekosea mara ya pili, tutakuwa tumeipa saratani muda."

"Ndiyo maana sikuombi uniamini mimi. Naomba apigwe MRI, na atakayesoma asione ripoti yangu. Mpe picha tupu."

Daktari alitazama tena kola ile. Halafu alichukua kalamu, akafuta Jumatatu, na akaandika barua kwenda hospitali kuu.

Ilichukua siku kumi na mbili. Fundi alisafiri peke yake, akaingizwa ndani ya bomba linalopiga kelele kama mafundi bati wamegombana, akarudi, akaendelea kushona. Hakuna aliyemwahidi chochote. Pumua alifanya kazi siku hizo zote akilaza fomu kifudifudi kwa nguvu iliyowashangaza wagonjwa. Alikuwa anaogopa, na hakumficha Mwalimu kwamba anaogopa.

Majibu yalipokuja, bingwa wa picha wa hospitali kuu alimpigia daktari simu mwenyewe, na daktari akamwita Pumua asikilize. Kwenye picha zile, alisema, maji hung'aa meupe, na madoa yote yaling'aa, maana yake yamejaa maji, makumi kwa makumi, mengi kuliko siti skani ilivyoyaona. Mirija mikubwa ya nyongo ilipita salama, haikuungana nayo. Dawa ya rangi iliyoingizwa mshipani haikuyashika ndani, kama ambavyo ingeishika saratani. Ni vivimbe vidogo vya mirija ya nyongo, mirija iliyokosa kukamilika wakati mtoto anaumbwa tumboni mwa mama yake. Havigeuki, havihitaji dawa, visiguswe.

"Na hizo picha za miaka tisa nyuma mlizipata wapi?" bingwa akauliza. "Barua inasema zimekatwa."

"Ni hadithi ndefu," daktari akasema.

Fundi aliitwa siku hiyo hiyo, saa nane. Daktari alimweleza taratibu, akachora ini kwenye karatasi, akachora mirija, akaweka nukta. Fundi alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo haya yalikuwepo tangu nizaliwe."

"Kabla hujazaliwa," daktari akasema.

"Na saratani?"

"Ya titi ilitolewa. Kwenye ini haipo. Utaendelea kuja kila mwaka kama kawaida."

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu mishono. Pumua alikuwa amesimama karibu na mlango, na angeweza kunyamaza, kwani daktari alikuwa amesema tu "ripoti ya mwanzo" bila kumtaja mtu. Hakunyamaza.

"Ripoti ya mwanzo niliandika mimi, Fundi. Nilikosea."

Fundi aligeuka. Alimtazama kuanzia begani hadi kiunoni, na safari hii hakukuwa na utani.

"Wiki tano, Mama."

"Ndiyo."

"Nimempeleka mtoto."

"Najua. Nisamehe."

Fundi hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alitoa simu kwenye pochi, akabonyeza, akasalimiana na dada yake kwa maneno mawili matatu, akaomba aitiwe mtoto. Kisha akamnyooshea Pumua simu.

"Mwambie wewe. Mimi nilishamwambia la kwanza, nikamwapia. La pili nikisema mimi, atadhani namdanganya ili asilie."

Pumua aliipokea. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ameshaongea na matumbo ya maelfu ya watu, lakini hakuwahi kutoa majibu kwa mtoto wa miaka minane. Alijitambulisha kwamba yeye ni yule mama wa hospitali, wa vuta pumzi.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Mimi ndiye niliyepima ini la mama, nikasema ana ugonjwa mbaya. Nilikosea. Tumepima tena, kwa mashine kubwa kuliko yangu. Hana ugonjwa ule."

Upande wa pili ilisikika sauti ya vyombo, na mtu akifunga mlango.

"Kwa hiyo mama hafi?"

"Hafi kwa huo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mtoto alifikiri. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti, kama anayeuliza jambo ambalo watu wa nyumba ile hawatakiwi kulisikia.

"Mama alisema nisilie, nizoee. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea. Sasa naweza kulia?"

Pumua aliitoa simu sikioni. Akamrudishia Fundi simu. Fundi aliiweka sikioni, akauliza mtoto amesema nini, akaambiwa na mtoto mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akainamisha kichwa mpaka kikagusa meza ya daktari.

"Lia tu," akamwambia. "Kesho nakuja kukuchukua."

Sauti ya mtoto ilianza taratibu, ikapanda, ikajaa chumba kizima kutoka kwenye kile kisimu, na wale watu wazima watatu wakaisikiliza.